Mizani, tui na simu: kifafa cha mwanangu kati ya Norwich na Tanga

Jumanne saa tatu na nusu asubuhi, hapa Norwich, Uingereza, naegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya zeituni, nafuta meza, namkalisha mwanangu, nasubiri. Mtaalamu wa lishe akitokea kwenye kioo haanzi na maswali ya hospitali. Ananiambia nifungue friji. Namwonyesha rafu kwa rafu: mayai, krimu nzito, maparachichi mawili yaliyoiva, kipande cha samaki wa jana. Siku moja akasema, "Hiyo krimu si ile ya mwezi uliopita." Kweli, dukani ilikuwa imekwisha nikachukua ya kampuni nyingine. Akaniomba nisogeze kopo karibu na kamera, akasoma maandishi, akapiga hesabu, akanibadilishia gramu za kifungua kinywa palepale. Zamani tungepanda treni karibu saa mbili mpaka London, na jambo hilo lisingejulikana, maana friji huwezi kuibeba kwenda nayo kliniki.

Mwanangu ana miaka saba. Kifafa kilimwanza akiwa na mitatu. Tulijaribu dawa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na bado kulikuwa na siku za kuanguka mara kumi na mbili. Ndipo tukaingizwa kwenye lishe ya ketojeniki. Najua nyumbani ukitaja keto watu wanawaza wanaopunguza unene, lakini lishe hii ilizaliwa kwa ajili ya kifafa. Tangu zamani ilionekana kwamba mgonjwa wa kifafa akifunga kula hupata nafuu, na mwaka 1921 Dkt. Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani akafikiria namna ya kumfanya mtu awe kama amefunga huku anakula. Unaubania mwili wanga, unaupa mafuta kwa wingi, ini linayageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo unatumia hizo badala ya sukari. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza kwa watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Baada ya miezi mitatu, katika kila watoto 100 waliopewa lishe, 38 kuanguka kwao kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya nusu. Kwa wale waliokuwa wakisubiri zamu yao, walikuwa 6 katika 100. Kwa hiyo wapo wengi ambao haikuwasaidia sana. Sisi tulibahatika.

Kipimo cha mwanangu ni tatu kwa moja: kila gramu moja ya protini na wanga kwa pamoja, gramu tatu za mafuta. Kwa siku nzima anaruhusiwa gramu 16 za wanga. Vijiko vinne hivi vya wali, basi, siku imekwisha. Kila kitu kinapanda kwenye mizani, hata kitunguu, na mafuta yaliyobaki kwenye sahani yanakombwa kwa kijiko cha mpira mpaka tone la mwisho, kwa sababu yasipoingia tumboni hesabu imeharibika. Dawa za maji nazo zinahesabiwa. Kuna wakati alipata homa akaandikiwa sharubati tamu, nikairudisha dukani nikaomba isiyo na sukari.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kliniki ya mwanangu iko wapi, namwambia iko jikoni kwangu. Hospitalini tunakwenda kupima damu, uzito na urefu, na hayo simu haiyawezi. Lakini ugonjwa wenyewe tunaushika au tunaupoteza kwenye sufuria. Janga la 2020 lilipofunga milango, kliniki nyingi za lishe hii hapa Uingereza zilihamia kwenye video kwa kulazimika, na kwa maoni yangu kulazimika huko kulizileta mahali zilipotakiwa kuwa siku zote.

Mwaka jana tulikwenda Tanga wiki nne. Madaktari waliridhia, tukafungasha mizani, betri za akiba na vijiti vya kupimia ketoni kwenye tone la damu la kidole. Mama yangu nilimweleza yote kwa simu miezi mitatu kabla, na alielewa kuliko nilivyotarajia. Sikuwa nimewaeleza majirani. Siku ya nne mtu mmoja, kwa mapenzi tu, alimpa mwanangu glasi ya juisi ya miwa barazani. Ndivyo tulivyolelewa, mtoto wa mwenzio hapiti mbele yako mikono mitupu, na sina kinyongo naye. Usiku nilipompima, ketoni zilikuwa zimeshuka kutoka 3.8 hadi 0.9. Alfajiri akaanguka mara mbili.

Kabla sijafika mlangoni, watu sita walikuwa wameshaamka. Binti wa mdogo wangu, wa miaka kumi na minne, alikuwa ameshamlaza kwa ubavu, kanga chini ya kichwa, hajamtia kitu mdomoni, maana bibi yake alimfundisha. Mwanangu alipozinduka, mama alikuwa amempakata. "Mume wangu," alimwambia, kama bibi wa pwani anavyomwita mjukuu wake, "mume wangu, usinitishe hivyo."

Lakini niliona pia wanawake wawili waliokuja kwa kelele wakirudi nyuma na kuwavuta watoto wao, macho yakiwa kwenye mapovu. Nami nimekua nikiambiwa mapovu ya mwenye kifafa yanaambukiza, usimguse mpaka anyamaze. Kifafa hakiambukizi, si kwa mapovu wala kwa kitu chochote kinachomtoka mgonjwa. Wangapi wameungua kwa sababu waliangukia jiko na waliosimama karibu waliogopa kuwavuta? Dkt. Louise Jilek-Aall, Mnorwe aliyefungua kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto kwa sababu hiyohiyo.

Sasa nisemalo ni hili. Wenzangu wa huku wanapenda kusema Ulaya kuna kila kitu, na wa nyumbani wanaamini. Hapa Norwich mume wangu akiwa zamu ya usiku na mtoto akaanguka, ni mimi na yeye na saa ya ukutani. Hakuna wale watu sita. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mtu mwema, na miaka mitano hii hajawahi kuingia ndani. Kuna upweke kwenye ugonjwa wa huku ambao hakuna miadi ya video inayouondoa.

Kinachozidi huku ni kwamba yupo mtu ambaye kazi yake, anayolipwa kwayo, ni kuingia jikoni kwangu kila mwezi na kuuliza nimepika nini. Simu anayotumia ni kama ile iliyoko mkononi mwa binti wa mdogo wangu. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema huduma ya namna hii haiwezekani kwetu kwa sababu ya mtandao. Tunaoana kwa video, tunazikana kwa video, shangazi yangu wa Pangani anauza dagaa kwa video. Mtandao ukisumbua unapanda juu ya kifusi ukapata. Tusilaumu bando wakati tunachokosa ni mtaalamu wa lishe aliyefundishwa kifafa, vijiti vya kupimia, na maabara ya vipimo vya mwanzo. Hata hesabu ya vyakula vyetu si ya kuanza upya: tangu 2008 lipo jedwali la viini-lishe vya vyakula vya Tanzania, kazi ya Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard.

Na tuanze na kilicho cha kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi, na kwamba katika nchi maskini robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba wanayohitaji. Kuna dawa za kifafa ambazo dozi ya mwaka mzima inaweza kugharimu kama dola 5 tu. Lishe ni ya wale ambao dawa mbili au zaidi zimeshindwa kuwatuliza. Mzazi akinipigia kuniuliza, "Dada, nimwachishe dawa nimpe mafuta?", namjibu hapana, na namjibu kwa sauti. Wapo watoto waliozaliwa na miili isiyoweza kuchoma mafuta, na lishe hii inaweza kuwaua, ndiyo maana damu inapimwa kwanza. Inaleta choo kigumu, inaweza kuleta mawe kwenye figo na kudumaza. Usiianze peke yako. Lakini mpigie daktari, muulize, mfanye naye aulize. Video ya dakika ishirini kati ya mama wa Lushoto na mtaalamu aliyeko Dar es Salaam ingemwokolea nauli, kulala gesti na siku mbili za shamba.

Baada ya lile tukio la miwa, miadi yetu ya mwezi tuliifanya barazani Tanga. Mama akataka kukaa mbele. Mtaalamu akamuuliza tui lake lina mafuta kiasi gani. Nikatafsiri. Mama akamtazama kwa huruma. "Mwambie inategemea nazi. Na mkono. Kasimele yangu, lile tui zito la kwanza, si kama ya dada yangu." Mtaalamu akafikiri, akasema basi tui tuliache, tumpe nazi yenyewe, maana nazi iliyokunwa inapimika. Kisha akapiga hesabu mbele yetu: katika gramu 100 za nazi iliyokomaa kuna mafuta kama gramu 33, na protini na wanga, ukiacha nyuzinyuzi, ni kama 9 au 10 kwa pamoja. Ni zaidi ya tatu kwa moja. Nazi ilivyoumbwa inafika kwenye kipimo cha mwanangu bila kuongezwa kitu. Mama nilipomwambia akanyanyuka, akaenda kuleta mbuzi ya kukunia nazi.

Mizani nilimwachia. Jumanne iliyopita tulikuwa watatu kwenye kioo: London, Norwich na Tanga. Tunarudi Desemba, na mama hataki kungoja. Alikuwa na bakuli la nazi mbele yake, miwani puani, na hesabu ya samaki wa kupaka kwenye daftari la shule. "Shikamoo mama," nikamwamkia. "Marahaba. Ngoja kwanza, isicheze hii." Akaongeza nazi kwa ncha za vidole, akapunguza, akaongeza tena, halafu akaishusha simu mpaka karibu na mizani.

"Mwambie asome mwenyewe," akasema.

Ilikuwa 40 kamili.