"Lakini watoto hajawapiga"

Huku kusini, iwe Mtwara mjini, Tandahimba au kule Nachingwea, ndoa ya mtu ikivunjika na wana watoto haipiti siku bila mtu kudakia kwamba mtoto akifika miaka saba ni wa baba yake. Inasemwa vijiweni, inasemwa msibani, na wanawake wenyewe wanaisema huku wanahesabu miaka iliyobaki. Jamani, hiyo sheria haipo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inasema mtoto wa chini ya miaka saba ichukuliwe kwamba ni heri akae na mama yake mpaka mtu alete sababu ya kupinga hilo, basi. Haijasema akitimiza saba baba aje na begi. Kinachotangulia ni maslahi ya mtoto, awe na miaka miwili au kumi na miwili. (Na wazee wa kimakonde na kimwera wangeshangaa sana kusikia hii ya mtoto wa baba, maana enzi zao mtoto alihesabiwa upande wa mama na mwenye sauti alikuwa mjomba, ila hayo tuyaache.)

Mi kinachoniuma ni kwamba tukishaanza kubishana miaka, kipato, nani ana nyumba nani hana, lile swali la kipigo linapotea kabisa. Linaanza kupotea mapema tu. Ukitaka talaka mahakamani lazima kwanza upite baraza la usuluhishi la ndoa, sheria imeacha mianya michache tu ya kulikwepa, na pale unakalishwa benchi moja na huyohuyo aliyekutoa meno. Dada mmoja namfahamu alienda na PF3 yake, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, ameikunja kwenye pindo la kanga, akaeleza yote, mzee mmoja akamuuliza swali moja tu, je watoto nao anawapiga? Akajibu ukweli kwamba hapana. Mzee akasema basi mwanangu, kama watoto hajawapiga huyo baba hana shida na watoto, hayo mengine ni ya kwenu wawili. Na hiyo sentensi ikamfuata mpaka kwenye kesi ya malezi.

Sasa mtoto wake mkubwa, alikuwa darasa la pili, alikuwa anaijua pikipiki ya baba kwa mlio, ikikata kona tu anazima redio, anawaingiza wadogo zake chumbani, anakaa nyuma ya mlango. Huyo ndo tunasema hajapigwa?

Wenzetu Australia hili walilipitia. Mwaka 2006 waliweka kwenye sheria yao dhana kwamba baba na mama wagawane sawa mamlaka ya kumlea mtoto, dhana hiyo haikutakiwa kutumika kwenye ukatili lakini ukatili wenyewe sharti kwanza uonekane, na hakimu alitakiwa pia kuangalia mzazi gani yuko tayari kumwacha mtoto awe karibu na mwenzie. Ona mtego huo, mama akisema napigwa anaonekana ndo mchoyo wa mtoto, bora anyamaze. Mabadiliko ya 2011 yakakitoa hicho kipengele cha utayari wa mzazi na yakaandika wazi kwamba mtoto anayeona au kusikia ukatili nyumbani naye ameguswa na ukatili, na ile dhana ya 2006 yenyewe ikaja kufutwa, mwisho wake ukawa Mei 2024. Sisi Sheria ya Mtoto ya 2009 inazungumzia umri, maoni ya mtoto mwenyewe, ndugu kutotenganishwa, na mambo mengine ambayo hakimu ataona yanahusu. Kipigo cha mama inabidi ukipenyeze humo kwenye "mambo mengine", na ukikutana na hakimu anayeamini hayo ni ya mke na mume umekwisha.

Najua wanaume watanijia juu. Wapo kinamama wanaobuni kipigo ili kumkomoa mtu, sibishi, nimeyaona. Ndo maana nataka liulizwe mwanzoni, lichunguzwe, kama ni uongo ujulikane mapema na baba wa watu apate haki yake. Kuliruka hakumsaidii yeyote isipokuwa yule anayepiga kweli.

Halafu hizo taarifa za ustawi wa jamii zinazopelekwa mahakamani. Afisa ni mmoja, vijiji kibao, usafiri wa kuomba lifti, anafika mara moja anaangalia mtoto analala wapi anaondoka. Akija Novemba korosho zimeshapigwa mnada anamkuta baba na bati jipya, godoro jipya, watoto wana viatu, na mama yuko kwa bibi wanabanana chumba kimoja. Aje Aprili hela za korosho zimekwisha aone. Na mtoto anaulizwa unataka kukaa na nani baba yake akiwa amesimama hapohapo, atajibu nini?

Dada, kama uko kwenye hii hali, PF3 toa kopi, fika dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi hata kama hutaki afungwe ili kumbukumbu iwepo, na kipigo kiandikwe kwenye maombi ya malezi pia, usikiache kwenye ya talaka peke yake. Wasaidizi wa kisheria wapo wilayani na hawatozi hela. Na hata baba akipewa haki ya kumuona mtoto, mwombe hakimu aandike kwenye amri kukabidhiana kufanyike wapi, ofisi ya ustawi au kwa ndugu mnayemwamini wote, saa ngapi na nani awepo, maana wengi wanakuja kupigwa tena siku ya kumfuata mtoto, mlangoni.