Kanzu ya Rangi ya Chai

Ijumaa iliyopita nimeswali na kanzu ya rangi ya chai ya maziwa. Sikuinunua hivyo. Niliinunua nyeupe pepepe, mama watoto akaifua kwa sabuni ya mche, akaitia buluu, akaianika asubuhi kwenye kamba. Kosa letu ni kwamba kamba yenyewe inaanzia kwenye mwembe na kuishia kwenye nguzo iliyo kando ya barabara. Likapita lori moja la mchanga. Moja tu! Dereva kakanyaga mafuta kana kwamba yeye ndiye anayewahi swala. Mzee mmoja pale msikitini akanishika mkono, akaniuliza kwa adabu zote, "Bwana, hii rangi umeipata duka gani?"

Mimi ni mtu wa Oli, hapa Arua, Uganda. Tangu 2020 sisi ni jiji, msituite mji. Wenzetu huko mbele wana lami, wanapita na viatu vyeusi na vinabaki vyeusi. Njia yangu ni moramu, ule udongo mwekundu wenye changarawe. Gari likipita linasaga vijiwe, linalofuata linasaga vilivyosagwa, hadi kufika Januari tuna unga mlaini kuliko wa muhogo. Na ule wekundu, jamani, ni kutu! Udongo wetu una chuma, chuma kimeshika kutu. Kwa hiyo kiangazi kizima, Desemba mpaka mvua ijisikie kurudi, nikipenga kamasi leso inatoka kama nimefutia mnyororo wa baiskeli.

Kwangu kila kitu kimevaa nguo. Televisheni ina kitambaa cha maua, redio ina chake, masofa yana vitambaa mgongoni na mikononi, rimoti iko ndani ya mfuko wa nailoni na namba zake hazisomeki, unabonyeza kwa imani. Vitambaa hivyo mama watoto alivifuma kwa mkono wake, kwa hiyo navyo haviruhusiwi kuchafuka. Ameviwekea nailoni juu. Ukikaa inapiga kelele, ukiinuka sofa inainuka na wewe. Mgeni akija hajui ameketi kwenye nini.

Na kila alfajiri, ufagio. Chwa, chwa, chwa. Jua likipenya dirishani unaliona vumbi limesimama hewani kama watu wanaosubiri basi. Likimsubiri nani? Linanisubiri mimi na kikombe changu.

Sasa mwezi jana akaja mtoto wa dada yangu, anasomea uuguzi. Kapiga chafya saba kabla ya kumaliza salamu. Akasema, "Mjomba, ufagio mkavu hauondoi vumbi, unalihamisha tu. Lile zito linatoka nje, lile jepesi linapanda juu, mkishamaliza linashuka." Akataka tulowanishe tambara, tulikamue vizuri, tupanguse kuanzia juu kwenda chini, halafu tupige deki. Viatu vibaki mlangoni. Madirisha ya upande wa barabara yafungwe saa za malori. Hapo sikubisha. Ila akahamia kwenye godoro langu.

"Mjomba, humo mna utitiri wa vumbi. Wadogo, huwaoni kwa macho. Wanakula ngozi iliyokufa."

"Ngozi ya nani?"

"Yako, Mjomba."

Wallahi nilikaa kimya. Miaka yote nalalamikia malori, kumbe mchango wangu nami nimetoa, tena usingizini! Akaendelea: shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, digrii 60, ndipo wanakufa. Nikamuuliza hizo digrii nazipima na nini, kidole? Na mkaa wa kuchemshia shuka ukiisha, maharage yataivia kwenye jua? Jerikeni ya lita 20 kiangazi hiki naigawa kama urithi: ya kupikia, ya udhu, ya kuoga mpaka magotini. Leo utitiri nao wana fungu lao.

Lakini mimi si mkaidi. Jumamosi nikakunja suruali. Godoro nikalitoa juani, zulia nikalikung'uta nyuma ya nyumba (upepo ukageuka, tuyaache hayo), kisha nikashika tambara. Kijana alisema nianzie juu. Mimi nikaanzia chini, kwa sababu magoti yangu yakishainama yanapenda kumalizia hukohuko. Nikafuta meza, miguu ya viti, kabati. Maji ya ndoo yakawa mekundu, nikamwaga, yakawa mekundu tena. Sakafu ikang'aa. Mama watoto akafurahi hadi akapakua chakula mapema. Akasema, "Baba, umefanya kazi, umetoka jasho, ngoja nikupepee." Akawasha feni.

Feni ya darini. Ile ambayo haikuguswa tangu kiangazi cha mwaka juzi.

Sitaki kuieleza sana. Vumbi liliangukia kwenye mchuzi, kipande kizima, kina umbo la pangaboi.

Raha ya kweli niliipata siku moja tu mwaka huu, alipotarajiwa mkubwa mmoja kupita. Asubuhi likaja boza, likamwaga maji barabara nzima. Watu tulitoka nje kuvuta hewa kama tumetoka kulazwa. Mkubwa akapitia njia nyingine. Kufikia saa nane jua likawa limeyakausha maji yote, na boza sijaliona tena.

Juzi usiku narudi, nakuta mwanangu wa darasa la tano ameandika kwa kidole kwenye kabati la televisheni, lile nililolifuta Jumamosi. Shule zimefunguliwa, na karatasi ya mahitaji aliyopewa imepotea, kwa hiyo kaona aniwekee orodha mahali nitakapoiona. Herufi safi kabisa, vumbi limeshika kama ubao: karatasi rimu moja, sabuni, karatasi za chooni, fagio 2.

Fagio mbili! Sisi wenyewe hapa tuna mmoja, tena umenyonyoka.

Mama watoto akaja mbio na tambara lake bichi. Nikamshika mkono. "Ngoja kwanza, mama, sijanakili."