Kabla ya Kuuliza Cat 6 au Cat 6A, Uliza Kama Ni Shaba

Mwenye biashara akiamua kutandaza mtandao ofisini, swali lake la kwanza huwa ni achukue daraja gani la kebo: Cat 5e, Cat 6 au Cat 6A. Jibu lake ni fupi. Cat 5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat 6 hubeba hiyo gigabiti 1 kwa umbali uleule, na gigabiti 10 kwa takriban mita 55 ikiwa kebo hazijabanana sana. Cat 6A hufikisha gigabiti 10 mita zote 100, ila ni nene, ni ngumu kukunja na hujaza trankingi (mfereji wa kupitishia kebo) upesi. Kwa ofisi ya mawakili, duka la jumla, zahanati au shule, Cat 6 ya kawaida inatosha. Hela ya ziada ni afadhali iende kwenye swichi nzuri, kifaa kinachounganisha kebo zote, na kwa fundi makini.

Swali linaloamua kama mtandao utadumu ni jingine: ndani ya hiyo kebo mna nini?

Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, ukaulizia boksi la Cat 6 la mita 305, usishangae kutajiwa bei zinazopishana mno kwa maboksi yanayofanana. Ulizia kilichomo. Mara nyingi la bei ya juu ni shaba tupu, na la bei poa ni alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Viwango vya kimataifa vya kebo hizi vinataka shaba, kwa hiyo ile ya alumini si Cat 6 hata kama ganda lake limeandikwa hivyo.

Alumini hiyo huuzuia umeme kwa zaidi ya mara moja na nusu ya shaba. Kompyuta iliyo mita 15 kutoka kwenye swichi huenda isionyeshe tofauti yoyote. Balaa huanza kwenye kamera za ulinzi na vifaa vya Wi-Fi vinavyopata umeme kupitia kebo hiyohiyo. Kamera iliyo mita 70 yaweza kufanya kazi mchana kutwa. Giza likiingia, taa zake za kuonea usiku zinawaka, inavuta umeme zaidi, volti zinapotelea njiani, nayo yaweza kuzima na kuwaka usiku kucha. Mwenye duka anabadilisha kamera, anabadilisha swichi, kumbe ugonjwa uko ukutani. Isitoshe, alumini hukatika upesi inapokunjwa, na kwenye unyevu wa chumvi wa Tanga au Mombasa maungio yake huharibika mapema.

Kuitambua si kazi. Soma ganda: herufi CCA maana yake ni alumini iliyovikwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Weupe ukitokea chini ya wekundu, rudisha boksi. Kipimo ninachokiamini zaidi ni multimita, ikipima kwa ohm jinsi nyuzi zinavyozuia umeme. Ndani ya kebo mna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Fungua boksi upate ncha zote mbili za kebo, upande mmoja sokota pamoja nyuzi mbili za jozi moja, upande wa pili pima. Mita 305 za Cat 6 ya shaba husoma karibu ohm 41, na Cat 5e ya shaba karibu 51. Ukomo unaoruhusiwa ni kama 57. Cat 6 ya alumini huvuka 60, na Cat 5e ya alumini hukaribia 80. Muuzaji asiyekubali boksi lipimwe, mwache.

Kuhusu idadi, vuta kebo mbili kwa kila meza. Kurudi kuongeza ya pili baada ya dari kufungwa ni gharama kuliko kebo yenyewe. Tuseme una meza 20, kamera 4, na vifaa 3 vya Wi-Fi vyenye kebo mbili mbili: jumla ni 50. Njia fupi ikiwa mita 12 na ndefu mita 44, wastani ni 28. Ongeza asilimia 10, kisha mita 3 za akiba kwenye ncha, unapata kama 34. Hapa wengi huzidisha, hupata mita 1,700, hugawanya kwa 305 na kununua maboksi 6. Lakini kebo ya ukutani haiungwi katikati. Boksi moja hutoa vipande 8 vya wastani huo, hivyo unahitaji maboksi 7.

Kebo nzuri huharibiwa na mikono. Sehemu ya ukutani isizidi mita 90, ili zile 10 zibaki kwa kebo fupi za kwenye meza na kwenye kabati la swichi. Misokoto ya jozi isifunguliwe zaidi ya milimita 13 kwenye soketi. Fundi anayepanga rangi anavyotaka, mradi pande zote mbili zifanane, atakuonyesha testa imewaka taa zote nane, na bado mtandao utakwama, kwa sababu nyuzi za pini ya 3 na ya 6 za soketi lazima ziwe za jozi moja. Kompyuta ikiganda kwenye megabiti 100 badala ya gigabiti 1, shuku kwanza jozi iliyokatika: gigabiti huhitaji jozi zote nne, 100 huhitaji mbili tu. Na kebo za mtandao zisilazwe bega kwa bega na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba.

Kati ya jengo na jengo sibembelezi: weka faiba, kebo inayopitisha mwanga badala ya umeme. Kanda ya Ziwa, Kisii na Kampala zinajua radi, na shaba iliyovuka uwanja huipeleka radi moja kwa moja kwenye swichi. Faiba ya kioo haipitishi umeme. Hakikisha tu haina uzi wa chuma ndani. Kamera ya nje ikilazimu kebo ya shaba, chagua yenye ganda jeusi linalostahimili jua, kwa maana lile la kawaida la ndani hupasuka.

Malipo ya mwisho yabaki mkononi mwako hadi upewe orodha ya namba za soketi zote 50, urefu wa kila kebo, na matokeo ya kila moja yaliyopimwa kwa kifaa kinachopima uwezo wa kebo, si testa ya taa.