Joto la ekzosi kwenye ndege za kujiundia: tarakimu ile inasema nini?

Mtu aliyejiundia ndege kwenye gereji yake, tuseme Van's RV yenye injini ya Lycoming O-320, siku za kwanza za kuruka hutazama kioo cha vipimo kuliko anavyotazama nje. Silinda ya 1 inaonyesha nyuzi 735 za Selsiasi kwenye ekzosi, ya 3 inaonyesha 775. Akitua anauliza wenzake kama ile ya 3 inaungua, na hapo anakutana na kambi mbili. Moja inamwambia asiruke tena mpaka apate sababu, maana silinda zote zilipaswa kulingana. Nyingine inamwambia tarakimu hiyo haina maana yoyote, aangalie joto la silinda hedi, yaani kichwa cha silinda, basi.

Mimi nakubaliana na kambi ya pili kwa sehemu kubwa. Lakini imesema nusu tu ya jambo, na nusu iliyoachwa inaweza kumgharimu injini mtu mwenye injini ya aina nyingine.

Tuanze na chombo chenyewe. Themokapo ni waya mbili za metali tofauti zilizoungwa nchani na kuchomekwa kwenye paipu ya ekzosi, sentimita chache kutoka kwenye silinda. Injini ya mipigo minne, kama hiyo Lycoming, ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, valvu ya ekzosi hufunguka mara 20 kila sekunde. Ikifunguka, gesi ya moto inapita kwa kishindo. Ikifunga, paipu inatulia, na muda wa kufunga ni mrefu kuliko wa kufunguka. Themokapo haina mbio za kufuata mapigo hayo, kwa hiyo inatoa wastani wa kishindo na utulivu. Kisogeze kipimo sentimita mbili, tarakimu inabadilika ilhali ndani ya silinda hakuna kilichobadilika. Refusha waya zake kwa waya wa kawaida wa shaba, na joto la pale ulipounga linaingia kwenye hesabu. Sasa fikiria kwamba kila aliyejiundia ndege hutoboa paipu yake mwenyewe, mara nyingi pale drili ilipoweza kufika. Ndiyo maana kulinganisha nyuzi zako na za jirani ni kazi bure, na tofauti ya nyuzi 40 kati ya silinda mbili, peke yake, haithibitishi ugonjwa.

Kuna sababu nzito zaidi ya kutoiogopa tarakimu kubwa kwa ukubwa wake tu. Joto la ekzosi ni joto lililotoka nje. Ukichelewesha taimingi ya cheche, moto unawaka hadi karibu na ekzosi: kipimo kinapanda, silinda hedi inapoa. Ukiiwahisha, kazi kubwa na joto kubwa vinabaki ndani: ekzosi inashuka, hedi inachemka. Ndivyo ilivyo rubani anapozima moja ya magneto mbili, vifaa vinavyozipa plagi cheche, kabla ya kuruka. Plagi moja kwa kila silinda inawasha taratibu kuliko mbili, ekzosi inapanda, na hakuna kinachoumia. Kinyume chake, injini inapoanza kugonga kwa mlipuko usio wa kawaida, hali inayotoboa pistoni, ekzosi huweza kushuka huku silinda hedi ikipanda kwa kasi. Anayeamini kwamba ekzosi baridi ni salama atatulia katika dakika ambayo alipaswa kupunguza nguvu mara moja.

Hata mchanganyiko wa mafuta na hewa una mtego wake. Rubani akipunguza mafuta taratibu, joto la ekzosi linapanda mpaka kilele, karibu na uwiano wa hewa 15 kwa mafuta 1 kwa uzito, kisha linashuka. Nyuzi 50 chini ya kilele zinaweza kumaanisha mafuta yamezidi, au hewa imezidi. Tarakimu ni moja, hali ni mbili zilizo kinyume, na kwa nguvu kubwa silinda hedi hupata joto kali zaidi upande wa mafuta mengi, kabla kidogo ya kilele. Kwa hiyo cha kusoma ni umbali kutoka kwenye kilele, na uko upande gani.

Hadi hapa kambi ya pili imeshinda. Inashindwa tunapofika kwenye injini ya mipigo miwili, kama Rotax 582 inayobeba ndege nyingi nyepesi za kujiundia. Hapa mtengenezaji ametoa kikomo cha ekzosi, nyuzi 650, na kikomo hicho ni cha kuheshimiwa kama kilivyo. Tarakimu tupu inapata maana kwa sababu kampuni imeainisha ekzosi yenyewe na mahali pa kuweka kipimo. Kisichojulikana ni kidogo. Tena katika injini hii petroli mara nyingi huja na oili ndani yake, na hupoza pistoni inapopita. Mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi, pistoni inakosa vyote viwili kwa pamoja, inatanuka na kukamata ukuta wa silinda. Injini inanoki hewani, na onyo ulilopewa ni ile tarakimu uliyoambiwa haina maana.

Hatari hiyo haiji siku zote kwenye nguvu kamili. Mara nyingi huja rubani anapopunguza nguvu ili ashuke: upepo unaisaidia propela kuzunguka, mzigo unapungua, na sindano ya kabureta inatoa mafuta machache kuliko injini inavyohitaji. Propela yenyewe ni sehemu ya hesabu. Ukiongeza pembe ya mapanga yake, ekzosi inapoa lakini silinda hedi inapata joto. Ukiipunguza, mambo yanageuka.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Kabureta ya kawaida, isiyojirekebisha, ikipangwa jeti zake, yaani vitundu vinavyopima mafuta, ikae sawa pale, kisha ndege ikapelekwa Mombasa, hewa nzito ya pwani itakuwa nyingi mno kwa jeti zile. Kipimo cha ekzosi kitapanda, na kwa injini ya mipigo miwili hilo ni jambo la kushughulikia kabla ya kuruka tena.

Hata mwenye Lycoming ana tarakimu ya kushika, mradi iwe yake. Akiruka kutoka usawa wa bahari kwa nguvu kamili na mchanganyiko wenye mafuta mengi kabisa, aandike joto la ekzosi la kila silinda. Akipanda, hewa ikawa nyepesi, mafuta yatazidi na joto litashuka. Apunguze mafuta mpaka tarakimu irudi pale pale, huku akichunga silinda hedi.

Na yule wa silinda ya 3? Kwanza abadilishane vipimo vya silinda ya 1 na ya 3. Joto kubwa likihama pamoja na kipimo, basi kipimo ndicho chenye kasoro. Likibaki, aruke juu salama, apunguze mafuta polepole na aone kama ya 3 inafika kileleni mapema sana kuliko wenzake. Ikiwa inatangulia mbali, hasa akiwa kwenye nguvu ndogo, akague gasketi na mipira ya paipu za kuingizia hewa, kwa kuwa tundu dogo pale huvuta hewa ya pembeni. Ikifika pamoja na nyingine, na silinda hedi yake haijapita zile za wenzake, aandike 775 kwenye daftari la ndege kama joto la kawaida la silinda hiyo, na siku itakaposoma 810 katika hali ileile ya nguvu na mafuta, afungue kava la injini.