Kihisi Kikidanganya, Nani Aaminiwe?

Ukipita Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, utaona ndege ndogo zilizoegeshwa zimevishwa vifuniko vya utepe mwekundu kwenye kamrija kembamba kalichojitokeza nje. Si mapambo. Kamrija hako hupokea upepo na kumwambia rubani kasi yake. Nyigu akijenga humo, saa ya kasi inasema uongo. Mwaka 1996 ndege ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Jamhuri ya Dominika, watu 189 wakafa. Wachunguzi walishuku nyigu.

Kihisi kikidanganya, nani ashike ndege, rubani au kompyuta? Kwetu Nairobi mjadala huu una makaburi. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian, Boeing 737 MAX iliyokuwa ije uwanja wa JKIA, ilianguka dakika sita baada ya kuruka Addis Ababa. Wote 157 walikufa, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Kihisi cha kushoto, kinachopima pembe ya ndege dhidi ya upepo, kilisoma nyuzi 74 hivi. Cha kulia kama 15. Programu ya ndege hiyo inayoweza kuinamisha pua yenyewe, MCAS, ilisikiliza cha kushoto peke yake, ikaamini pua imeinuka kupita kiasi, ikaiinamisha. Marubani wakaivuta. Ikainamishwa tena.

Wapo wanaosema rubani aachiwe ndege yake. Sawa, lakini ipo Air France 447, mwaka 2009. Barafu iliziba mirija ya kasi kwa muda usiofika dakika moja, kompyuta ikajitoa na kuwakabidhi marubani ndege nzima. Wakavuta pua juu, mbawa zikashindwa kuibeba, ikatumbukia Atlantiki na watu 228.

Basi wengine husema tatizo ni binadamu, na hao hunikera zaidi. Marubani wa Ethiopian walizima swichi za umeme wa mkia, ambao MCAS huutumia kuinamisha pua, kama walivyoagizwa. Kwa mwendo ule mkali, gurudumu la kusogeza mkia kwa mkono likagoma kuzunguka. (Mwendo wenyewe, ni kweli, hawakuupunguza.)

Naona kosa ni kumpa shahidi mmoja mamlaka ya kuinamisha pua. MCAS ya sasa hulinganisha vihisi viwili. Vikipishana sana, inanyamaza. Airbus A320 ina vitatu: viwili vikikubaliana, cha tatu hupuuzwa. Inaridhisha, hadi ukumbuke A320 iliyoanguka karibu na Perpignan, Ufaransa, Novemba 2008. Maji yaliyopenya vihisi viwili ndege ilipooshwa yaliganda angani, vikakwama kwenye pembe zinazokaribiana. Kompyuta zikaviamini, zikakitupa kile kilichokuwa kikisema kweli.