Siku niliyokuwa na mkono mrefu Ibadan

Mimi ni mtu wa Tanga. Kanzu nimeivaa tangu niko chuoni kwa maalimu, na siku ya ndoa yangu nilivaa joho na kilemba nikakaa jamvini kama liwali. Kwa hiyo rafiki yangu wa Ibadan, Nigeria, aliponiambia anaoa na anataka nisimame naye nimevaa agbada, nilimjibu kwa jeuri yetu ya pwani: "Hilo si joho tu? Lete."

Si joho tu, jamani.

Seti ina vipande 4. Kuna suruali, wanaiita sokoto. Kuna shati la ndani, buba. Kuna kofia, fila, ambayo haikai wima kama yetu ya vito, inalazwa upande. Halafu juu ya vyote hivyo ndipo linapokuja agbada lenyewe. Sare yetu ilikuwa ya aso oke, kitambaa kinachofumwa kwa mkono vipande vyembamba vyembamba, kisha vinaungwa kimoja kimoja mpaka vinakuwa nguo. Mji wa Iseyin ndio wenye sifa ya ufumaji huo. Rangi walichagua etu, nili iliyokolea mpaka inakaribia weusi, na vijistari vyeupe ukisogeza jicho. Darizi ya uzi wa dhahabu ilizunguka shingo ikashuka mpaka mfukoni, uzi umesimama, ukipitisha kidole unahesabu matuta. Bei siitaji. Mke wangu husoma ninayoandika.

Shida ni mikono. Mkono wa kanzu unakujua, unaishia kiganjani na kukuacha na shughuli zako. Wa agbada ni upana wote wa vazi, kama tanga la jahazi lililoshushwa. Unaukunja, unautupia begani, wa kulia kisha wa kushoto, unapata mikunjo mizuri ya kizee. Ukipiga hatua 3 umeshuka. Wenyeji wanautupia bila hata kutazama, wako na simu sikioni. Mimi kila nikitupia nilionekana kama kuli anayejitwika gunia la karafuu, na mara moja nilimpiga kibao cha kitambaa mzee aliyekaa nyuma yangu. Alinisamehe. Alisema amezoea wageni.

Tukaingia ukumbini tukicheza, ngoma zile za kubanwa kwapani zikisema kwa Kiyoruba, mpiga ngoma mmoja akaning'ang'ania sikioni mpaka nikatoa noti. Huko mbele alikuwa anatungoja mama mwendesha shughuli wa upande wa bibi harusi, alaga ijoko. Huyo mama ana maikrofoni na hana huruma. Akatuamuru tuwaamkie wakwe, na kwa Wayoruba mwanamume kumwamkia mkwe siku kama ile si kuinamisha kichwa. Unalala. Kifudifudi, kifua sakafuni, na dhahabu yako yote. Tukalala safu moja. Akasema hatukulala vizuri, turudie. Tukarudia. Akasema sasa tulale kama watu wanaotaka mke kweli.

Mara ya 3, wakati wa kuinuka, jirani yangu alikuwa amepiga goti juu ya mkono wangu. Wa agbada, namaanisha. Nilifika katikati ya safari, kitambaa kikakaza, nikarudi chini kama dafu. Kofia ikabingirika mpaka miguuni kwa baba mkwe. Ukumbi mzima ukasema, "Pẹ̀lẹ́!"

Hiyo ndiyo pole yao. Wallahi nilidhani nimeanguka nikaamkia Tanga.

Nikatozwa faini pale pale, kwa maikrofoni.

Baada ya chakula ndipo lilipotokea lenyewe. Kwetu kutuza tunakujua: unainuka na noti yako, unaipepea kidogo ili majirani waone, unampa mwimbaji wa taarabu, unarudi kukaa. Kule noti zinabandikwa kwenye vipaji vya nyuso vya maharusi, moja baada ya nyingine, bulungutu zima, nazo zinapeperuka na kuanguka huku wasichana wa familia wakiokota na kutia mfukoni. Sheria ya benki kuu yao ya 2007 inakataza kurusha naira na kuzikanyaga, lakini siku hiyo sheria haikualikwa. Mimi nilikuwa nyuma ya bwana harusi, nimechangamka, mikono nimeitandaza, nazungusha mabega kwa madaha yote niliyoyarithi kwa shangazi zangu wa Ngamiani. Watu wakanishangilia. Nikaongeza.

Baadaye nikabanwa, nikaenda msalani. Msala na agbada ni somo ambalo fundi hakunifundisha. Nikalikusanya lote, nikalipandisha mpaka kidevuni, nikang'ata pindo kwa meno. Mikunjo ya begani ikafunguka.

Pesa zikaanza kunyesha. Noti za 200, za 500, za 1000, mpya zile za kutoka benki, zinateleza kutoka begani, kiunoni, nyingine sijui zilijificha wapi. Na kalimati moja, kwao wanaiita puff-puff, ambayo hata mimi siielewi iliingiaje. Noti moja ya 200 ikaenda moja kwa moja shimoni. Hiyo nilikuja kuilipa kutoka mfukoni mwangu.

Sasa fikiria mwenyewe. Mgeni, msalani, mlango umefungwa, mikono imejaa pesa za maharusi. Nikinyamaza ni mwizi. Nikitoka nazo ni mwizi aliyekamatwa. Nikawa nimechutama naziokota, pindo bado mdomoni, mara mlango ukagongwa. Nikajibu kwa meno, sauti ikatoka kama ya mbuzi.

Nilipofungua, aliyesimama nje ni shangazi wa bibi harusi, gele, kilemba chao cha kike, kichwani pana kama ungo, na kwapani ule mfuko wa pesa. Akanitazama usoni. Akatazama mikono yangu. Nikaanza kujieleza kwa Kiingereza, kikaniishia, nikamalizia kwa Kiswahili.

Hakusema neno. Alikamata mkono wa agbada wangu kwa ncha, akaukung'uta mara moja, kama anakung'uta shuka. Zikaanguka noti 4 nyingine.

Alicheka mpaka gele ikapinda. Kisha akanishika akanirudisha ukumbini, akanisimamisha pale pale nyuma ya bwana harusi, akaninyoosha mikono mwenyewe. Jioni nzima, kila wimbo ukiisha, anakuja na mfuko wake ananikung'uta kama mwembe.

Wakati wa kuagana akaniuliza Jumamosi ijayo nina shughuli gani, maana ana mpwa mwingine anaolewa.