Fundi wa juu ya paa naye ni mfanyakazi wa mionzi

Kwa miaka mingi mjadala wa minara ya simu katika miji yetu umekuwa mjadala wa watu wanaoishi chini yake. Wasiwasi wao kwamba mawimbi ya mnara yatawadhuru unastahili kujibiwa, na jibu lenyewe si gumu: antena ya mnara hurusha mawimbi mbele yake kama taa ya gari irushavyo mwanga, kwa mwale mwembamba ulioinama kidogo tu kuelekea ardhini, hivyo aliyesimama chini ya mnara hupata sehemu ndogo sana ya nguvu hiyo. Mimi ninamhofia zaidi mtu ambaye hatajwi katika mjadala huo, yaani yule anayepanda mpaka usawa wa antena na kufanya kazi mbele yake.

Simsemi fundi wa kampuni ya minara peke yake, kwa kuwa huyo, akiwa na mwajiri makini, hupewa mafunzo, mkanda wa usalama na ruhusa ya kupanda. Ninamsema fundi rangi, fundi wa viyoyozi, kijana wa madishi na yule anayepanda kutundika bango la tangazo. Mwaka jana nilipanda na fundi bomba juu ya paa la jengo la ghorofa sita, Kariakoo, kurekebisha boya la tanki la maji. Hatua chache kutoka kwenye tanki palikuwa na antena tatu zilizopakwa rangi ileile ya ukuta, na kibao kimoja cha onyo kwa Kiingereza, kilichochujuka kwa jua. Nilipomwomba tusogee, alinishangaa: "Kaka, umeme si umekatika?" Lilikuwa swali la mtu mwenye akili, kwani kila kifaa kingine alichokizoea huzimika umeme ukikatika. Antena ya simu haizimiki, kwa sababu ina betri zake, na mara nyingi jenereta. Hailii, haiwaki taa, wala haina joto la kumfanya mtu auondoe mkono.

Mawimbi ya redio ni mionzi isiyoayonisha. Hayana nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu za mwili kama inavyofanya eksirei. Madhara yake yaliyothibitika ni kupasha joto. Katika masafa ya megahezi 900 mawimbi hupenya sentimita kadhaa ndani ya nyama, chini ya ngozi ambayo ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kuhisi joto, kwa hiyo mtu anaweza kupashwa bila kutambua mapema. Macho na korodani huathirika kwa urahisi zaidi, maana damu ya kuondoa joto hilo ni chache huko. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo ana hatari yake ya pekee, kwa kuwa mawimbi makali yanaweza kukivuruga. Kuhusu saratani, mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliyaweka mawimbi haya katika kundi 2B, maana yake yanaweza kuwa chanzo lakini ushahidi ni mdogo. Hoja yangu haitegemei saratani. Joto linatosha.

Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha, ijulikanayo kama ICNIRP, ilihuisha mwongozo wake mwaka 2020. Kwa mwili mzima, kiwango cha juu cha mfanyakazi ni wati 0.4 kwa kila kilo ya mwili, kikikadiriwa kwa wastani wa dakika 30, na cha mwananchi wa kawaida ni wati 0.08. Mfanyakazi ameruhusiwa mara tano zaidi. Wengi hudhani ni kwa sababu ana mwili imara, au kwa sababu analipwa. Sivyo. Ameruhusiwa kwa sharti kwamba ni mtu mzima, yuko katika mazingira yanayodhibitiwa, na amefundishwa kuitambua hatari na namna ya kujikinga nayo. Kinachomtofautisha na mpita njia ni mafunzo hayo. Asiyepewa mafunzo hayo ni mwananchi wa kawaida hata akiwa ameshika spana, na mwenye antena hana haki ya kumpimia kwa kipimo cha mfanyakazi.

Jambo hili lina uzito wa mita, si wa maneno tu. Tuchukue antena moja inayorusha wati 40 na kuikusanya nguvu hiyo mara 50 kuelekea mbele. Kwa hesabu ya kawaida ya mtawanyiko, mita 3 mbele yake kuna takriban wati 18 kwa mita ya mraba, na mita 6 mbele zinabaki wati 4 na nusu hivi. Katika megahezi 900, mwongozo huohuo ukipimwa kwa nguvu ya mawimbi hewani, kikomo cha mfanyakazi ni wati 22.5 kwa mita ya mraba, na cha mwananchi ni 4.5. Maana yake ni kwamba kuanzia karibu mita 3 hadi 6 kuna eneo ambalo fundi aliyefundishwa anaruhusiwa kufanya kazi, na asiyefundishwa hapaswi kukaa. Antena zikiwa nyingi, eneo hilo hupanuka. Kupita mbele yake kwa sekunde chache hakumdhuru mtu. Fundi rangi hapiti, hukaa hapo asubuhi nzima.

Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, tunayo OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo hupima mionzi ya minara. Ninachoomba ni kwamba upimaji usiishie mtaani na uwanjani mwa shule, upande pia mpaka juu ya paa. Mpaka wa eneo la hatari uchorwe kwa rangi sakafuni, kwa sababu mstari huonekana hata na asiyejua kusoma. Kibao kiwe cha Kiswahili, chenye namba ya utambulisho wa mnara na simu inayopokelewa. Kazi ikilazimu kufanyika mbele ya antena, upande huo uzimwe au upunguzwe nguvu kwa saa hizo, na mwenye jengo apewe uthibitisho kabla fundi hajapanda ngazi. Najua mtandao utayumba kidogo mtaani. Tuuvumilie.

Siku ile tulihamisha ngazi upande wa nyuma wa antena, ambako mawimbi ni hafifu sana, na fundi akalifikia boya kwa kuzunguka tanki. Ilimchukua dakika kumi zaidi. Kabla ya kushuka aliniomba nimsomee kile kibao, kisha akauliza ni majengo mangapi mengine ya Kariakoo yana antena zilizopakwa rangi ya ukuta.